Mwaka wa Kukataa Mbao

Nirmala alipobisha hodi getini kwangu mwezi wa nane uliopita sikumtambua, kwa sababu yule niliyekuwa namkumbuka alikuwa na nywele nyeusi zinazofika kiunoni, na huyu aliyesimama mbele yangu alikuwa na mvi, tena amezikata fupi. Alitaja jina lake, kisha akataja la baba yake, Mzee Jivan, na jinsi alivyolitaja nikajua kwamba mzee hayupo tena. Tulikunywa chai sebuleni huku upepo wa Iringa ukisukuma madirisha. Alikuwa ametoka kuitazama nyumba aliyozaliwa, karibu na soko, akakuta ghorofa la maduka ya simu na nguo. Kilichobaki ni kipande cha ukuta wa nyuma, ule uliokuwa ukuta wa chumba changu nilipopanga kwao. Aliniambia baba yake alifariki usingizini, na kwamba hakuteseka. Halafu akaniuliza kitu ambacho nadhani ndicho kilichomleta. Alitaka kujua baba yake aliishije mwaka ule wa mwisho hapa nyumbani, kwa sababu yeye alikuwa kwenye simu tu, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Nilimsimulia mambo mawili matatu ya kuchekesha, akacheka, akafuta macho, akaondoka. Mengine sikumwambia. Nayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Mbeya kuja kufundisha jiografia kwenye sekondari moja ya mjini Iringa, na shule haikuwa na nyumba za walimu, kwa hiyo nikapanga chumba uani kwa Mzee Jivan, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya rangi. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, na jua likipiga bati mchana, harufu ya tapentaini ilirudi kama vile mtu ametoka kufungua debe. Nilikuwa na kitanda, jiko la mchina, sufuria mbili na dirisha moja linalotazama ua na ghala lililokuwa ng'ambo ya ua. Ofisini kwetu walimu wenzangu walikuwa watu wema, lakini mazungumzo yao yakinoga yaliteleza kuingia kwenye Kihehe, nami nikabaki natabasamu bila kujua natabasamia nini. Jumapili baada ya ibada kila mtu alikwenda kwao. Mimi nilikuwa narudi chumbani, navua viatu vya kanisani, nasikiliza. Kupitia ukutani nilikuwa nasikia chakula cha mchana cha nyumba kubwa: kiti kimoja kinavutwa, sahani moja inawekwa, kijiko kimoja. Kusum, mke wa mzee, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti yao wa pekee alikuwa Kanada. Meza yao ilikuwa ya watu wanane. Mzee alikuwa anakula peke yake upande mmoja wa ukuta, mimi nakula peke yangu upande wa pili, na kwa muda mrefu hakuna aliyefikiri kwamba jambo hilo lingeweza kuwa tofauti.

Mtu wa tatu pale nyumbani alikuwa Mama Yustina, mpishi, mwanamke wa Kilolo mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, asiyependa maneno. Alikuwa amepika kwenye jiko lile tangu Nirmala akiwa mtoto wa kunyonya, na alijua kupika dali na bamia za binzari kuliko alivyojua mboga za kwao. Mzee alikuwa amezaliwa Iringa na alizungumza naye Kihehe kitupu. Kila asubuhi nilikuwa nawasikia wakisalimiana jikoni, kamwene, kamwene, kwa upole wa watu wawili waliozeeka pamoja bila kuwa ndugu.

Jumamosi moja mwezi wa pili nilimkuta mzee uani akipima vipande vya mbao kwenye mizani ya misumari. Alikuwa anaweka kipande, anasubiri mshale utulie, anakunja uso, anaweka kingine. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniangalia kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Mwalimu, una mikono miwili?"

"Ninayo, Mzee."

"Basi njoo ushike huku."

Aliniingiza ghalani. Katikati, juu ya boriti ndefu iliyonyooka kama rula, alikuwa amesimamisha vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo, vidogo huku na huku, vikubwa katikati, kama mbavu za mnyama mrefu. Akaniambia hiyo ni kayaki, au itakuwa kayaki. Nirmala alikuwa amempelekea kitabu chenye michoro. Huko alikoishi Nirmala kulikuwa na ziwa, na kila kiangazi aliingia ziwani na chombo cha namna hiyo, chembamba, cha mtu mmoja, mtu anakaa amenyoosha miguu na kupiga kafi lenye mabapa pande zote mbili. Alikuwa amemwambia baba yake atengeneze chake hapa Iringa, ajifunze kukiendesha, ili siku moja waende majini baba na mwana. Chombo kinajengwa kwa fito: unachana mbao kuwa fito nyembamba za robo inchi, ndefu kupita urefu wa chumba changu, unazipinda juu ya zile mbavu moja baada ya nyingine, unaziunganisha kwa gundi ubavu kwa ubavu, kisha unaliranda umbo lote na kulivika kitambaa cha kioo na utomvu wa dukani. Gundi alikuwa nayo. Kitambaa kilikuwa kimefika kutoka Dar es Salaam. Mbavu zilikuwa tayari. "Kilichobaki ni mbao tu," alisema. Nilishika ncha moja ya ufito, yeye akashika ya pili, tukaukunja taratibu mpaka ukalia na kukatika kwenye fundo. Akatabasamu. Wakati ule nilidhani ametabasamu kwa sababu ameokoa kazi yake na ubao mbovu.

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kwenda. Kila nikitoka shule nilikuwa navuka ua na kuingia ghalani, na mzee alinifundisha kuangalia ubao. Alinifundisha kufuata nyuzi zake kwa kidole kutoka ncha hadi ncha nione kama zinatoroka pembeni, kuhesabu mafundo, kusoma miduara ya umri pale ulipokatwa, kunusa kama umekauka. Paini ndiyo iliyokuwa nyingi, malori yake yalikuwa yanapita mjini kila saa kutoka Mufindi, na tulianza na hiyo. Paini ya kwanza ilikuwa na mafundo kila baada ya kiganja. Ya pili haikuwa na mafundo lakini ilikuwa imekua haraka, miduara yake mipana, na alisema mbao ya namna hiyo inakunywa maji kama sponji. Ya tatu ilitoa utomvu. Tukaenda kwenye mninga, rangi nzuri kupita kiasi, na mizani ikasema ukweli wake. Mzee akasema akijenga kwa mninga atakuwa amejitengenezea jeneza lenye tundu la kukalia. Tulicheka siku ile hadi Mama Yustina akatoka jikoni kututazama. Nakumbuka alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakucheka, akarudi ndani.

Likizo ya mwezi wa sita mzee alisikia kwamba Mbeya kuna mtu ana mbao za podo za zamani, akaniuliza kama nataka kwenda kwetu, atanipa lifti kwenye pikapu yake. Nilitaka, na sikutaka. Mbeya kulikuwa na Ambakisye. Tulikuwa tumechumbiana miaka miwili, kila mmoja akisema subiri kidogo; yeye alikuwa anasubiri biashara yake ya vipuri isimame, mimi nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini. Nilipothibitishwa nikasubiri kitu kingine. Tulifika Mbeya ukungu ukiwa bado umefunika mlima. Mzee akaniacha kwa dada wa Ambakisye, ambaye alikuwa ameandaa wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwani, mezani kitambaa kipya, watoto wamefukuzwa nje. Ambakisye alikuwa mchangamfu, alizungumza habari za Tunduma na bei za mpakani, na aliniuliza habari za shule kama mtu anavyouliza habari za hali ya hewa. Nikatoka kunawa mikono. Bomba lilikuwa nyuma ya jiko. Ndani ya jiko dada yake alikuwa anamwambia jirani, kwa Kinyakyusa chetu, bila kunong'ona kwa sababu alidhani niko mezani, kwamba ndugu yake ana mtoto tayari Tunduma na mwanamke mwenye duka, na kwamba huyu mwalimu mwenyewe hana haraka, basi na akae na chaki zake Iringa, nani alimwambia achelewe. Jirani aliguna kwa huruma. Sijui alikuwa anamhurumia nani. Nilifunga bomba polepole, nikarudi mezani, nikala. Mbasa alikuwa mtamu. Mpaka leo najishangaa kwamba niliomba niongezewe wali.

Mchana nilikwenda na mzee kwa mwenye podo. Zilikuwa mbao saba, zimelala juu ya magogo chini ya bati, rangi ya siagi, nyuzi zimenyooka. Kwa miezi minne nilikuwa nimejifunza kuangalia, na sikuona tatizo lolote. Mzee alizizunguka. Alipiga magoti, akachungulia kama anayelenga bunduki, akanusa, akaomba ufito ukatwe, tukaukunja mpaka ukawa kama upinde na haukulia. Mwenye mbao alisimama pembeni akiwa na uhakika. Mwisho mzee alisema zina doa la buluu pale mwishoni, maana yake zilikaa kwenye unyevu, na huwezi kujua unyevu umeingia mpaka wapi. Doa lilikuwa dogo kama ukucha. Siku nyingine ningembishia. Nilikuwa na yangu siku ile.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulisimama Nyololo, akaagiza chai mbili na maandazi, na malori yakawa yanapita nje huku vioo vya mgahawa vikitetemeka. Hakuniuliza kilichonipata, ingawa nadhani aliona. Alizungumza habari za Kusum. Alisema kitu kinachomsumbua si kitanda, kitanda unakizoea. Ni kwamba jioni hakuna wa kumwambia nani kaingia dukani leo. Kwa miaka mingi, akifunga duka, alikuwa anamhesabia wateja kama habari za redio: fulani kaja, anajenga choo, fulani kaja, mke wake kajifungua. "Sasa wanakuja, wananunua, wanaondoka na habari zao," alisema. Nikamwambia anaweza kuniambia mimi. Akaitikia kwa kichwa, akalipa, tukaondoka, na tangu wiki ile, saa ya kufunga duka, alikuwa ananiambia.

Mwezi wa saba baridi ya Iringa ilimshika kifuani. Alilazwa hospitali, vichomi, na mimi na Mama Yustina tukawa tunapokezana, yeye mchana, mimi baada ya vipindi. Nirmala alikuwa anapiga simu ya nyumbani. Mama Yustina alipokea kila mara, akamjibu kwa Kiswahili kile kile alichomlelea, kwamba baba anaendelea, baba anakula, usilie. Siku moja nilimkuta jikoni anamenya viazi. Alinionyesha kigoda kwa kisu, nikakaa, nikachukua kiazi. Tulimenya viwili, vitatu. Kisha akaniambia bila kunitazama.

"Mwalimu, mbao zipo."

Nilimuuliza mbao gani. Akasema mbao za chombo cha mzee. Kijijini kwao Kilolo kulikuwa na bweni la zamani la misheni, sakafu na dari yake vyote vya saiprasi, limebomolewa ili lijengwe la matofali, na mbao zake ndefu zilikuwa zimepangwa nyuma ya nyumba ya padri tangu mwaka uliopita. Padri alikuwa anatafuta wa kumpa. Mama Yustina alikuwa ameziona Krismasi. Alikuwa anatusikia ghalani mwezi hadi mwezi tukipima na kukunja na kukataa, na hakusema neno. Nikamuuliza kwa nini.

Alisema, "Kwani hujui? Amemwahidi mtoto wake kwamba chombo kikiisha ataondoka aende akakae naye huko. Kila simu inapopigwa anamwambia mbao bado. Mzee hataki kwenda, na mimi sitaki aende. Akiondoka mimi naenda wapi? Basi nikanyamaza, nikaona Mungu akipenda hiyo mbao haitapatikana mpaka tufe wote."

Kisu chake kiliendelea kuzunguka kiazi. Nilikumbuka lile doa la buluu. Nilikumbuka tabasamu la siku ya kwanza, ufito ulipokatika. Nikaona miezi ile yote kwa upande wake wa nyuma, na nikaona pia kwamba nilikuwa nimejificha ndani yake kama wao.

Akaendelea. "Lakini juzi kifua chake kilivyokuwa kinalia, nilisema, huyu akifia mikononi mwangu, yule mtoto nitamwambia nini? Nilimbeba mgongoni yule."

Ningependa kuandika kwamba nilimuunga mkono. Nilimwambia tusubiri kidogo, mzee apone kwanza, kisha tuone. Mama Yustina akaweka kiazi chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae.

"Na wewe unasubiri nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Jumamosi iliyofuata tulikodi pikapu tukaenda Kilolo.

Padri alitupokea vizuri na kutupa uji wa ulezi. Mbao zilikuwa za kijivu kwa nje, zimechapwa na miaka, na ukiziangalia juu juu ungedhani ni kuni. Nilikuwa nimebeba randa ndogo ya mzee. Nilipitisha mara tatu kwenye ubao wa juu, na chini ya ule ukijivu ikatoka rangi ya asali na harufu kali, tamu, iliyomfanya dereva wetu asogee kunusa. Hiyo miti ilikuwa imepandwa karibu karibu kwenye baridi, ikakua polepole ikitafuta jua juu, na mtu fulani wa enzi hizo alikuwa ameipogoa mapema. Nilifuata nyuzi kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, hatua kwa hatua, na kidole hakikutoka nje ya mstari. Nilitamani kitoke. Mama Yustina alisimama nyuma yangu amefunga khanga kifuani. Nikamwambia, "Ndizo." Akaenda kuwaonyesha vijana namna ya kuzifunga kamba. Njiani kurudi alikuwa anageuka kila kona kuangalia kama zimekaa vizuri.

Mzee alikuwa ametoka hospitali, amekonda, amevaa sweta mbili na shali ya Kusum shingoni. Alitusikia getini akatoka. Tulizishusha, nikaziweka juu ya vigogo kama alivyonifundisha, na akaanza kazi yake ya kuangalia. Sijawahi kuona mtu akiangalia kitu kwa muda mrefu vile. Alizunguka, akapiga magoti, akainuka kwa shida, akanusa. Alipata fundo moja, akachora mstari kwa penseli, lakini ukikata pale ubao uliobaki ulikuwa bado mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipima. Mshale ulitulia pale pale kitabu kilipotaka utulie. Tukachana ufito, tukaukunja, yeye huku mimi huku, tukaendelea hadi mikono yetu ikakaribiana, na ulikaa tu, ukasubiri tuuachie. Mzee akauachia. Akauweka juu ya meza kwa uangalifu, akageuka kwa Mama Yustina, akamwambia maneno machache ya Kihehe, polepole. Mama Yustina akamjibu kwa neno moja. Kisha mzee akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, kwamba kesho tutaanza.

Baadaye, jikoni, nilimuuliza Mama Yustina mzee alimwambia nini. "Amesema nimemfukuza," alisema. "Nikamwambia ndiyo."

Kwa miezi mitatu tulijenga. Fundi wa mashine alituchania fito zote, na kila jioni tulipinda mbili, tatu, nne, tukazibana kwa kamba na vibanio hadi gundi ishike. Mzee alipona kwa kazi ile. Mikono yake ilipata nguvu, akaacha sweta moja. Siku moja aliniambia ni upuuzi mimi kwenda kupika kwenye jiko la mchina wakati chapati zipo, na tangu hapo nikawa nakula meza ya watu wanane, upande wa kushoto wake, na alikuwa ananihesabia wateja. Tulikaribia kuwa nyumba. Mama Yustina alikuwa anapika vyakula vingi kuliko tulivyoweza kumaliza, na siku nyingine alikaa nasi, kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye hakujua tulichokuwa tunakifanya. Kila ufito uliokaa vizuri ulikuwa umetusogeza karibu na siku ya mzee kuondoka. Ingekuwa rahisi kukosea, kupinda kwa haraka ukavunjika, kusahau gundi juani. Nilifikiria, siwezi kusema sikufikiria. Nadhani na mzee alifikiria. Lakini mbao zile zilikuwa zinaitikia vizuri mno, ungeona aibu.

Nirmala aliniambia jambo mwezi wa nane uliopita, kwenye ile chai, akilisema kama kichekesho cha wazee. Kule Kanada dirisha la chumba cha baba yake lilitazama ziwa. Alimnunulia chombo, akakiweka ufukweni, na miaka yote aliyoishi naye mzee hakukipanda hata mara moja. Kwanza alisema maji ni ya baridi. Kisha alisema chombo chenyewe ni cha plastiki. Kisha bega. Kiangazi kikaisha, kikaja kingine, na kila mara alikuwa na sababu mpya, ya kweli kiasi. Nirmala alidhani ni uzee. Nilimmiminia chai nyingine.

Nirmala huyo huyo alikuja Desemba ya mwaka ule tuliojenga, na nywele zake ndefu, na furaha iliyojaza nyumba. Tulikipeleka chombo kwenye bwawa moja la Mufindi, katikati ya mashamba ya chai na misitu ya paini, kimefungwa juu ya pikapu na magunia. Kilikuwa kizuri. Watu wa pale walikiita mtumbwi wa kioo, wakakigusa kwa vidole. Mzee alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwa msaada wetu, akanyoosha miguu ndani, akapokea kafi. Alikwenda kama aliyezaliwa majini. Nirmala alikuwa anapiga makofi. Alipofika katikati ya bwawa akaacha kupiga kafi, akaliweka magotini, akakaa. Chombo kiligeuka kidogo chenyewe kikasimama. Mwanzoni tulidhani anapumzika. Nirmala akamwita kwa Kigujarati, akicheka, kisha akamwita bila kucheka. Mama Yustina alikuwa amekaa juu ya nyasi amemgeuzia mgongo, anafungua kapu la chakula, anapanga sahani zilizokwisha kupangwa. Mimi sikumwita. Ukungu ulianza kushuka kutoka kwenye miti, na ndipo alipochukua kafi akarudi, taratibu, akaingiza pua ya chombo kwenye matope mbele ya miguu yangu.

"Nimetafuta kasoro," aliniambia. "Sikuiona."

Waliondoka Januari. Mzee aliniachia chombo, akasema hawezi kumwachia Mama Yustina kwa sababu yeye hata mtoni haogi. Mama Yustina hakwenda stendi ya basi. Nilipotoka kuwasindikiza nilimwacha anasugua jiko ambalo halikuwa chafu, na niliporudi alikuwa bado anasugua. Wiki ile ile alifunga vitu vyake akarudi Kilolo kwa mdogo wake. Tulipeana mikono getini, akanishika mkono kwa muda kuliko nilivyotarajia, akaniambia nisikae sana pale. Mwezi wa pili nilikwenda Mbeya siku moja tu, nikamkuta Ambakisye dukani kwake, nikamwambia ninajua habari za Tunduma na kwamba tusisubiriane tena. Alisema angeniambia. Alininunulia soda, tukainywa tumesimama, na nilimwona mabega yakimshuka kwa nafuu, nami sikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi njia nzima ya kurudi.

Mzee alikuwa ameuza nyumba, na mnunuzi alinipa hadi Pasaka nihame. Kwa majuma hayo niliishi peke yangu katika ua mzima. Ukutani hakukuwa na kiti kinachovutwa. Nilisikia bati likipanuka, nilisikia paka wa jirani, nilisikia kijiko changu mwenyewe. Ghala lilipaswa kuwa tupu, kwa hiyo Jumamosi moja nilikodi pikapu nikakipeleka chombo kwenye lile bwawa, nimekubaliana na mlinzi wa pale kwamba atakitunza na kuvulia samaki. Kabla ya kukikabidhi nilimwomba anishikie, nikaingia. Sikuwa nimewahi kukaa majini maishani mwangu. Kilitikisika, nikadhani ninazama, kisha kikatulia chini yangu, na nikapiga kafi kama nilivyomwona mzee, upande huu, upande ule, hadi katikati, au karibu na hapo. Majini hakuna alama. Nikaacha kupiga. Nilitaka kuona alichokuwa anakiangalia siku ile. Palikuwa na paini zimepangwa mistari mpaka mlimani, na chai, na moshi wa jiko la mtu, na ukungu. Ukingoni dereva alikuwa amelala ndani ya gari na mlinzi ameshaondoka kwenda kwenye kibanda chake. Nilikaa nikisikiliza kama kuna atakayeniita. Baridi iliponifika mifupani nikachovya kafi, nikageuza chombo kurudi.